Jino la Pili

Kambi ya Polisi, Suva
9 Mei 1983

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu, wewe na mama. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo halijakaa sawa tangu ile mechi ya Tonga. Goti lako linasemaje na baridi hii? Litia na watoto hawajambo, wanakuamkia.

Najua Jumamosi mlisikiliza redio, kwa hiyo unajua. Kikosi cha raga cha taifa kinachokwenda Wales mwezi Septemba kina majina ishirini na sita, na langu halimo. Nilikuwa kantini na askari wenzangu kumi na wawili. Mtangazaji alipomaliza, hakuna aliyekuwa akitafuna.

Nina miaka thelathini na nne. Nimeichezea Fiji miaka kumi na moja, mechi thelathini na moja, nane kati ya hizo nikiwa nahodha. Kocha Vilikesa hakunipigia simu. Nambari anayo, na simu iko mezani pangu. Gazetini amesema anataka "damu changa". Nimehesabu. Katika safu ya mbele, wale wanaoinama na kusukumana kichwa kwa kichwa, hakuna hata mmoja aliyetimiza miaka ishirini na tatu. Kule watakutana na wachimba makaa wenye shingo kama vigogo, watu waliokuwa wakisukumana kabla hawa hawajaota ndevu. Damu changa itamwagika, ndiyo.

Na nafasi yangu, namba mbili, katikati ya safu hiyo, amepewa Waisake wa shangazi Salote. Ana miaka ishirini. Kila likizo alikuja kwako akaondoka na nguruwe bila kuomba, kwa kuwa mpwa hanyimwi kitu nyumbani kwa mjomba. Sasa amechukua na jezi yangu.

Sikuombi lolote. Nakueleza tu.

Mwanao,
Ilaitia


Naituvatu, Koro
21 Mei 1983

Mwanangu,

Huku tunaendelea. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako amevuna majimbi, kapu lako analo nahodha wa meli. Lifuate mwenyewe, mabaharia wale wana meno.

Tulisikia. Tulikuwa wazee saba na bakuli la yangona katikati, mizizi imetwangwa na kuchanganywa na maji. Jina la mwisho liliposomwa nilikiweka kifuu chini bila kunywa. Miaka arobaini nimekuwa msemaji wa chifu, sijawahi kufanya hivyo. Mzee Sikeli akasema, "Subirini. Leo wamesomwa watoto, watu wazima watasomwa kesho." Kesho yake tukawasha tena. Walisoma bei ya mbata.

Damu changa! Huyo kocha amewahi kujenga nyumba? Nyumba hushikwa na nguzo kavu na kamba mbichi. Kamba ikiwa kavu inakatika, nguzo ikiwa mbichi inapinda kabla paka hajaingia. Yeye amejenga kwa kamba tupu, na anaipeleka Wales ikapigwe na upepo.

Shangazi yako Salote alileta mkate wa nazi kusherehekea mwanawe. Nilimpongeza. Nilikula. Ulikuwa mkavu.

Nakuja Suva kwa meli ya tarehe 2 Juni, nina shughuli ya ukoo. Sitafikia kwako. Msiandae chochote.

Baba yako


Kambi ya Polisi, Suva
20 Juni 1983

Baba,

Jumatano kocha alinipigia simu. Nimerudishwa kikosini. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesomewa hukumu. Nilifurahi kwa muda wa saa tatu.

Baada ya saa tatu Waisake alifika hapa getini. Ameondolewa. "Mzee," akaniambia, "nimekurudishia jezi. Nimeifua mara mbili, bado inanuka dawa ya viungo." Unajua sisi ni mabinamu wa utani, hatujui kusemezana bila kutukanana. Nikamjibu, "Ungebaki nayo. Labda mwaka 1990 kifua chako kingeijaza." Akacheka. Kisha akaketi kwenye ngazi, akaacha kucheka mapema kuliko kawaida yake.

Konstebo Naibuka alikuwa zamu mtaa wa kocha tarehe 4 Juni. Saa nne asubuhi alimwona mzee mwenye tai na saruni nyeusi akiingia kwa kocha na kifurushi cha mkeka. Alitoka bila kifurushi. Naibuka alimsalimu, na mzee akamwambia, "Hujaniona."

Nimefanya kazi ya polisi miaka kumi na tatu. Naomba majibu mawili: ndani ya mkeka mlikuwa na nini, na ulisema maneno gani?

Mwanao,
Ilaitia


Naituvatu, Koro
1 Julai 1983

Mwanangu,

Hukuuliza afya yangu. Ni nzuri. Ya mama yako pia ni nzuri.

Mimi si mshukiwa wako, lakini nitajibu. Lilikuwa jino la nyangumi, lile lililokuja na bibi yako siku ya ndoa yake. Unajua nyumbani yalikuwa mawili tu. Niliketi kwenye mkeka wa kocha, nikapiga makofi, nikasema kama nilivyofundishwa: nyumba ya Naituvatu inaomba mtoto wake asiachwe ufukweni meli ikiondoka. Aliliangalia muda mrefu. Angeweza kuacha kuligusa. Alinyoosha mikono akalipokea. Na likishapokelewa ombi limekubaliwa. Hakuna mwanamume wa visiwa hivi asiyejua hilo, hata awe kocha.

Sikumwambia amtoe Waisake! Nilidhani atamtoa mtu wa mji wa Lautoka. Yeye katoa namba mbili akatia namba mbili, kama mtu anayebadilisha balbu.

Shangazi yako ametembea saa tatu kutoka kijiji cha mumewe, akasimama mlangoni kwangu. Nikasema, "Ingia, dada." Akasema, "Hapa panatosha. Nilitaka kuona kama nguzo bado zipo, maana nasikia ndani siku hizi mpwa ananyimwa." Hakuketi. Chai hakuigusa. Akarudi saa tatu nyingine kwa miguu.

Najua nilichofanya, usinifundishe. Lakini wao ndio walioanza! Mtu wa mechi thelathini na moja anatupwa kwa redio, bila hata simu! Wewe cheza. Siombi radhi kwa mtu.

Baba yako


Kambi ya Polisi, Suva
18 Julai 1983

Baba,

Nakuamkia, na mama. Goti lako? Langu limevimba kidogo.

Nimekasirika, kwa hiyo ninaandika polepole. Wiki nzima tulikuwa kambini, na Waisake yuko nasi kama mchezaji wa akiba. Alhamisi tulisukumana safu kwa safu mara ishirini, yeye upande ule, mimi huku. Alishinda kumi na moja, mimi tisa. Kisha tukarusha mpira wa pembeni, ambayo nayo ni kazi ya namba mbili, kila mtu mara ishirini. Mimi nilimfikia mdakaji wangu mara kumi na nane, yeye kumi na moja. Mbio sizitaji.

Kocha mwenye macho angetuchukua wote wawili, akamwacha kijana mmoja wa pembeni ambaye hata kamba za buti zake hafungi vizuri. Nguzo kavu na kamba mbichi, ulisema mwenyewe. Lakini kocha hatumii tena macho. Mimi hanitazami kabisa. Anapopanga timu hulitaja jina langu akiuangalia ubao. Wachezaji nao wamejua. Jana bafuni mmoja akauliza kwa sauti, "Sajini, leo umelipiga mswaki jino lako?" Nilikuwa nahodha wake miaka miwili.

Juzi nilimpelekea kocha mzizi wa yangona, nikamwomba anipime upya au aniondoe. Akasema, "Si wewe uliyelileta, Sajini. Mimi nimefungwa na baba yako, na yeye ndiye wa kunifungua." Hapo hakosei. Alikosea Mei, aliponiacha bila hata kunijaribu. Wewe ukakosea Juni. Sasa nimekaa katikati ya makosa mawili na jezi mgongoni.

Kukifungua ulichokifunga kunataka jino jingine. Najua lililobaki ni lipi. Ni lile utakaloshikishwa mkononi siku ya kuzikwa. Baba, ninaliomba hilo.

Orodha ya mwisho inafungwa Ijumaa, tarehe 12 Agosti. Nichaguliwe kwa shingo yangu, au niachwe kwa shingo yangu.

Mwanao,
Ilaitia


Kambi ya Polisi, Suva
4 Agosti 1983

Baba,

Meli imefika mara mbili tangu nilipoandika. Ya kwanza ilileta kapu la mama. Nilimwaga majimbi yote sakafuni nikitafuta barua. Ya pili haikuleta kitu.

Zimebaki siku nane. Sitajiondoa mwenyewe, kwa sababu nikijiondoa kocha ataonekana amevunja neno, na jino la bibi litakuwa limetolewa bure. Kwa hiyo nitapanda ndege na nitacheza. Kila nitakapoinama kwenye safu nitajua nimewekwa pale na nini, na mwenzangu wa kulia atajua, na wa kushoto atajua.

Salamu kwa mama. Habari za goti langu usiulize tena.

Ilaitia


Naituvatu, Koro
18 Agosti 1983

Mwanangu,

Nauliza habari za goti lako hata kama umenikataza.

Barua yako ya Julai niliisoma mara moja nikaisukuma chini ya mkeka. Mtoto anamwomba baba yake kitu cha kaburini! Nilinuna, mama yako akala peke yake siku mbili. Hii ya Agosti niliisoma nikafika chini, nikaona umesaini jina tupu, kama karatasi za kituoni. Nikamwambia mama yako anitafutie fimbo.

Nilitembea mpaka kwa Salote. Yeye hutumia saa tatu, mimi na goti hili nilitumia tano. Nilisimama mlangoni kwake kama yeye alivyosimama kwangu. Akanitazama, akaniacha jua linichome kidogo, halafu akasema, "Unataka nini, muuza nyumba?" Nikasema, "Vaa, twende Suva." Akasema, "Umechelewa miezi miwili." Lakini alikuwa ameshachukua kikapu.

Jumanne tarehe 9 tulikuwa kwa kocha. Kwako sikupita. Sikutaka kubishana nawe nikiwa nimelibeba lile jino. Nilipiga makofi. Nilisema, "Nilikuja hapa nikakufunga mikono. Leo nimekuja kuifungua. Chagua kwa macho yako, na mtu wa Naituvatu hatakuuliza." Maneno hayo sikufundishwa na mtu, niliyatunga kwenye meli. Alilipokea la pili. Akasema, "Mzee, ahsante." Nikasema, "Usinishukuru. Bado wewe ni kocha mbaya." Mkewe akaleta chai haraka. Salote alikunywa vikombe viwili.

Jumamosi redio ikasoma. Majina ishirini na sita. Waisake yumo. Wewe humo.

Wazee wote waligeuka kunitazama. Sikeli akasema, "Meno mawili, mpwa mmoja. Ukoo wenu unalisha vizuri." Nilikinywa kifuu changu chote, kwa sababu nilikuwa na kiu.

Angewachukua nyote wawili! Hata kipofu angewachukua nyote wawili. Mama yako anasema siku yangu nitakwenda mikono mitupu, na kwamba angalau nitaweza kuwapungia.

Baba yako


Kambi ya Polisi, Suva
5 Septemba 1983

Baba yangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa mama na kwa shangazi. Goti lina nafuu kwa kuwa halina kazi. Lako je, baada ya safari ile? Mpigie mama magoti kwa niaba yangu, kama linakunjika.

Basi la timu liliondoka Jumamosi. Nilikwenda kuwaaga nikiwa na sare. Nilimwambia kocha mbele yao wote, "Safu yako ya mbele itasagwa. Ulikosea Mei na umekosea tena Agosti." Akasema, "Inawezekana, Sajini." Alinitazama usoni mwanzo hadi mwisho, akanipa mkono.

Kabla ya hapo Waisake alikuja siku nne mfululizo nimfundishe kurusha. Tulirusha nyuma ya karakana, Naibuka akidaka. Siku ya kwanza alimfikia mara kumi na mbili katika ishirini, siku ya nne kumi na tano. Nikamwambia hazitoshi. Akasema, "Mzee, wewe ulianza lini kurusha? Kabla mpira haujabuniwa?" Nikamwambia akirusha hivyo Wales, wachimba makaa watamrudisha kwa posta.

Jioni ya mwisho alilitungua koti langu la mvua ukutani, akalivaa na kutoka nje bila kuomba. "Kule kunanyesha," akasema, "na wewe siku hizi unakaa ndani." Ni koti la serikali. Imenibidi niandike taarifa kwamba limechukuliwa, na mahali pa kutaja aliyelichukua nimeandika: mpwa wa nyumba. Mkuu wangu anatoka kisiwa cha Kadavu, mila anaijua. Alisoma, akagonga muhuri.

Hasira ninayo bado, na sioni itakapokwenda. Mwakani kuna uteuzi mwingine. Nitakuwa na miaka thelathini na mitano. Nimeanza mazoezi leo asubuhi.

Usije Suva.

Mwanao,
Ilaitia