Mwanamke Aliyekula Muthokoi Wangu

Baba Mutheu wangu,

Nina neno nawe, na usidhani kaburi litakuokoa. Ni juu ya Mwikali wa Kwa Vonza.

Unakumbuka daktari alivyotuchorea njia yako ya chakula kwenye karatasi? Kijia kimoja kinashuka kutoka kooni hadi tumboni, na katikati yake uvimbe, akaupaka wino hadi ukawa mweusi. Akasema hiyo ndiyo saratani, haikutumwa na mtu wala haikutoka kwenye mdomo wa jirani. Ni chembe za mwili wako mwenyewe zilizokataa kuacha kuzaana. Nilitoka pale nimeshika jambo moja tu: ukila, utaishi. Basi nikaanza kupika.

Nyumbani ulikunywa uji. Uji asubuhi, supu jioni, na ukishikwa na kikohozi ulitoka nje nisikuone. Lakini kila Alhamisi, siku yako ya kliniki, ulitaka muthokoi. Nilitwanga mahindi kwenye kinu hadi maganda yakatoka, nikayapika na maharagwe mpaka yakalainika, nikakujazia ule mkebe wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko chekundu. Kisha wewe ukashika njia na mimi nikaenda sokoni Mukuyuni kuuza ndengu, maana ulikataa katakata nifunge kibanda ili nikusindikize.

Jioni ulirudi na mkebe mtupu. "Leo maharagwe yameiva vizuri," ulisema. Siku nyingine: "Mama Mutheu, chumvi imezidi kidogo." Nilicheka peke yangu jikoni. Nikampigia mtoto wetu nikamwambia baba yako anapona, anamaliza mkebe. Lakini roho ilikuwa imeshaanza kuniuma. Nilikuuliza mbona kwangu ni uji tu na huko unamaliza, kuna nani huko? Ukasema, "Ni wagonjwa wenzangu tu." Wewe mtu wewe!

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku ya kukuzika, mama mmoja mwenye kilemba cha buluu alinikumbatia kabla sijamuuliza jina.

"Wewe ndiye Mama Mutheu wa muthokoi? Mimi ni Mwikali. Tulikuwa tunakaa benchi moja na mzee, mimi kansa ya titi, yeye ya koo. Ai, nimekula chakula yako mpaka nikaongeza kilo!"

"Ulikula wewe?"

"Sasa angekula aje? Hata punje moja haingepita. Alikuwa ananiangalia tu nikikula, halafu anauliza, 'Leo iko aje?' Nikimwambia chumvi imezidi, anasema sawa, hiyo nitampelekea. Mimi aliniambia anaogopa, lakini wewe usijue."

Mbele ya mchungaji na waombolezaji wote, nilitamani kumvua kile kilemba. Kumbe huyo ndiye aliyekuwa akinisifu jikoni kwangu! Maneno niliyolala nayo nikitabasamu yalitoka kwenye ulimi wa mwanamke mwingine. Najua hamkufanya lolote baya. Heri mngefanya, kwa maana hilo lina jina na ningejua pa kulipeleka. Nililionea wivu lile benchi. Yeye alijua humezi. Yeye ulimwambia unaogopa. Mimi niliyezaa nawe nikabaki kusugua mkebe.

Nimekununia miezi mingi, Baba Mutheu. Siku hizi naelewa kidogo. Ugonjwa ulikupokonya nguvu, ukakupokonya chakula, ukakupokonya hata sauti, na ukataka angalau nyumbani abaki mtu mmoja anayekuona ungali mwanamume anayekula akashiba. Naelewa, lakini sijakubali. Ningekutaka hivyo hivyo, bila kumeza.

Juzi Mwikali alinipigia simu. Kansa yake imerudi. Nikapika, nikajaza mkebe ule ule, nikaenda Kwa Vonza. Nisikudanganye, sikwenda kwa huruma. Nilitaka nimwone akila kwa macho yangu, nijue alivyokuwa akifungua mdomo, nipate sababu nzuri ya kumchukia.

Alionja kijiko kimoja, akakirudisha.

"Hii dawa mpya imeniharibia mdomo," akasema. "Kila kitu kina ladha ya chuma tu." Akanisukumia mkebe. "Kula wewe, Mama Mutheu. Uniambie iko aje."

Tangu tukuzike sikuwa nimeonja muthokoi. Nikala. Aliniangalia mdomo bila kupepesa macho, na hapo nikaona ulivyokuwa ukimwangalia yeye. Nikamwambia maharagwe yameiva vizuri ila chumvi ni kidogo. Akafumba macho, akameza mate, akasema, "Haya, endelea." Nikaendelea hadi mkebe ukaisha. Sikulia mpaka jioni, nilipoanza kuusugua nyumbani.

Kabla sijaondoka mumewe alikuja, akamkuta Mwikali ameuchukua mkebe mtupu, ameuweka mapajani. "Umekula wewe!" akasema, na uso wake wote ukachangamka. Mwikali akanitazama. Nilijua ninachopaswa kusema, na sikukisema. Nilimwambia yule mzee, "Hajala. Keti hapa, akueleze." Nikachukua mkebe wangu, nikatoka nje nikawaacha.

Usifikiri wivu umekwisha. Hata hao wawili niliwaacha nikiwaonea wivu. Lakini mumewe wiki hii yuko kazini, na Alhamisi mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Kibanda nitakifunga, na safari hii huwezi kunikataza. Nitakaa kwenye lile benchi, upande wako.

Pumzika, mzee wangu, ila hatujamaliza.

Mpishi wako,
Mama Mutheu