Mkeka Katikati ya Makopo ya Rangi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mtoto ameota jino, sasa anang'ata kila kitu, hata kidole cha baba yake.

Nimeyatafakari maneno yako ya kwenye simu: "Mwanangu, rafiki yangu mtu mnyoofu. Mtilie saini hesabu zake, benki impe mkopo." Mjomba, mkaguzi hatii saini kwa unyoofu wa mtu. Akiambiwa bohari imejaa, anakwenda kuiona.

Nimekwenda. Makopo ya rangi yamepangwa hadi karibu na dari, yanapendeza. Mtunza bohari akanishauri, "Hesabu ya mbele, zidisha kwa ya ubavuni, umemaliza." Mkaguzi wa mwaka jana alifanya hivyo hivyo. Mimi nikaomba ngazi. Mara imevunjika, mara imeazimwa. Basi nikavua viatu, nikayakwea makopo yenyewe.

Kule juu nikachungulia. Katikati ni uwazi mtupu, na chini kabisa mlinzi amelala fofofo kwenye mkeka, redio inamwimbia.

Saini sitii, hata ukoo mzima uninunie. Rafiki yako ataniita mwizi wa fadhila, na aite. Najua umemdhamini kwa nyumba yako. Nisipotia saini, utampoteza rafiki. Nikitia, siku moja benki itayatafuta makopo yasiyopo, iyakose, ije kwako. Siku hiyo utaazima mkeka kwa yule mlinzi.

Ni mimi mpwa wako, uliyenisomesha nikasoma kweli.