Otieno, Nyasi Zile Zililala Kulia

Dada yako amechukua kombe! Lile lile la makedi, Otieno, lenye masikio mawili kama sufuria. Liko hapa juu ya televisheni na nimelifunika kitambaa cha kufuma lisipate vumbi. Achieng' wetu! Msichana peke yake katikati ya wanaume wote wale wanaobeba mabegi ya gofu, na amewamaliza mmoja mmoja mpaka wakabaki kukuna vichwa.

Haya, sasa salamu. Mwanangu mpendwa, habari za huko Mombasa, kama bado uko Mombasa? Mama yako ni mzima, miguu tu ndiyo inalalamika. Ningekupigia, lakini yule mwanamke wa kwenye simu kila mara ananiambia nambari yako haipatikani, na anasema kwa adabu hata nashindwa kumkasirikia. Ndipo nikaona niandike. Achieng' ataiweka barua hii kwenye simu, watu waipitishe mmoja kwa mwingine mpaka imfikie mtu anayekujua. Najua wengine wataisoma njiani. Wasome. Mimi sijaiba kitu cha mtu, na mwandiko wangu hata kule darasa la saba nilikoishia mwalimu alikuwa akiuonyesha wenzangu.

Unakumbuka ile siku ya glavu? Nilikuwa nimefungua beli ya viatu vya mitumba pale soko la Toi, na katikati ya viatu nikakuta glavu nyeupe, laini, ngozi safi kabisa. Moja. Nikatafuta ya pili mpaka nikatoa viatu vyote chini. Nikachimba tena nikapata nyingine, nayo ya mkono wa kushoto. Na ya tatu, kushoto! Nikainuka nikaenda kumfokea muuza beli mbele ya watu kwamba amezificha za kulia ili aniuzie kando. Wewe ukatokea, umevaa ile aproni yako ya ukedi, ukanishika bega. "Mathe, tulia. Hiyo ya gofu huvaliwa mkono mmoja tu." Nikakwambia, "Kwani hawa matajiri mkono mwingine hauoni baridi?" Ukacheka mpaka ukakaa chini juu ya viatu vya watu. Muuza beli naye akaniita Mama Glavu tangu siku ile, na bado ananiita hivyo.

Basi nakwambia, Mama Glavu sasa ni mtu mkubwa pale sokoni. Mtu akitaka viatu vya gofu vyenye meno chini anaelekezwa kwangu. Na simwachi aende hivihivi. Namfundisha! Namwambia maneno yako yote, kama wewe ulivyokuwa ukituambia jioni ukirudi, tukiwa tunachambua omena pale uani. Nawaambia, mwanangu alisema kiatu kikibana utapiga mpira ukifikiria kidole. Mwanangu alisema mpira hauna masikio, hivyo usiupigie kelele. Alisema chukua fimbo iliyo ndefu kuliko ile roho yako inataka, halafu piga polepole, kwa sababu watu wengi mpira wao hufa njiani kabla ya kufika. Na mpira ukiingia kwenye miti, usitafute ushujaa kupenya katikati ya matawi. Utoe kwanza pembeni, urudi njiani, ndipo uendelee na safari. Kuna daktari mmoja wa meno alinunua viatu kwangu, nikamwambia hilo la miti. Wiki iliyofuata akarudi mbio: "Mama Glavu, nilitoa pembeni kama ulivyosema, na nimemshinda shemeji yangu!" Sasa kila Jumamosi anamtaka Achieng' atembee naye, na wenzake wamefuata. Wanamwita Kochi. Dada yako, Otieno! Aliyekuwa akilala na kamasi kwenye mgongo wako!

Lakini nyumba, mwanangu. Nyumba imenyamaza.

Hatuko tena Kibera. Zile nyumba za mbao za Mama Zuhura, upande wa Olympic tulipokuwa, vyumba vya mbele vilianza kuvuja, akavibomoa aanze kujenga vya mawe. Tukahamia Kawangware, pale kituo cha 46, ghorofa ya tatu. Ni nyumba nzuri, usidhani nalalamika, ina maji ndani na choo chetu wenyewe. Ila haina uwanja. Nimekuja na ufagio wangu ule wa vijiti na sina pa kufagia. Umesimama nyuma ya mlango kama mgeni ambaye hajaambiwa aketi. Achieng' anatoka asubuhi na kurudi jioni amechoka, anakula, analala. Mimi nikirudi kutoka Toi nasikia jirani wa juu akivuta kiti, nasikia wa chini akiwafokea watoto, lakini hakuna anayenifokea mimi. Juzi nilipika ugali nikaugawa sehemu tatu bila kufikiria. Nikaketi nikiutazama ule wa tatu.

Pale uani ndipo tulipokuwa watu. Unakumbuka vile ulivyozika ule mkebe wa maziwa ukabaki mdomo tu juu ya udongo? Mama Zuhura akaja amejifunga leso yake, nikajua leo tunafukuzwa. "Otieno, baba, umechimba shimo kwangu bila kuniuliza?" Ukamjibu, "Mama, ni la gofu. Ukitaka nakufundisha, wewe ndiye mwenye nyumba, hulipi." Akachukua ile fimbo ya gofu iliyokatika nusu uliyookota, akasukuma mpira, ukaingia mara ya kwanza! Akaondoka akisema, "Mchezo wenyewe ndio huu tu, na watu wanavalia kofia?" Ukakaa wiki nzima ukisema yeye ndiye bingwa wa Kibera.

Halafu ukamfundisha Achieng'. Udongo ule ulikuwa mgumu kama sakafu, na mimi nilikuwa naufagia kila asubuhi kutoka ukutani kwenda kwenye mtaro. Kila asubuhi, upande uleule, mistari imenyooka, hata Mama Zuhura alikuwa akiwaambia wapangaji wengine waje waone uwanja umefagiwa. Na mpira ukifika pale ulikuwa unafuata mistari yangu, unakimbilia mtaro, na mtaro ulikuwa kushoto kwenu. Nakusikia ukimwambia dada yako, "Lenga kulia kidogo, Achi. Ufagio wa mathe utaurudisha." Kulia kidogo. Mliusema huo wimbo mpaka nikawa nausikia nikiuza viatu.

Sasa niseme kile kilichonifanya nishike kalamu.

Ile Jumatatu ya fainali yako mimi nilikuwepo. Unajua Jumatatu wenye uwanja hawachezi, siku hiyo ni ya makedi, na sisi watu wao tunaruhusiwa kusimama kando ya kamba. Nilivaa lile gauni la kanisani. Ulikuwa umebakisha mpira mmoja tu mfupi, urefu wa kitanda, na kombe lilikuwa lako. Ukausukuma. Ukapita kando ya shimo, upande wa kulia, ukaenda zake kama hauna habari nasi. Nikasikia kedi mmoja akipaza sauti, "Mrudisheni akarushe gololi za bano na watoto!" Na wote wakacheka, hata wale uliokuwa ukiwagawia chai yako. Hukulia. Ulinibebea kiti changu mpaka nyumbani. Ukasema, "Mathe, mkono wangu ulitetemeka. Mimi si mtu wa mambo makubwa." Baada ya mwezi ukaenda Mombasa kutafuta kazi. Ulipiga simu kila Jumapili, halafu mwezi kwa mwezi, halafu Krismasi, halafu yule mwanamke mwenye adabu.

Achieng' Jumatatu iliyopita alifika palepale, mwanangu. Shimo lilelile la mwisho, mpira mfupi uleule. Nikajisemea, Mungu, si mara mbili kwa mama mmoja. Lakini yeye hakuharakisha. Akachuchumaa. Akazunguka upande wa pili akachuchumaa tena, na makedi wakaanza kunong'ona, "Huyu anatafuta nini, sindano?" Akasukuma, na ukaanza kwenda kushoto kabisa, nikafumba macho. Nilipofumbua, watu walikuwa wamembeba.

Njiani nikamuuliza, "Mbona ulilenga kule?" Akaniambia, "Mama, si ni ufagio?" Nikamwambia ufagio gani tena. Akanieleza taratibu, na wewe pengine ulijua haya kabla yake, lakini nayaandika kwa ajili yenu nyote mnaosoma na mnaocheza kujifurahisha. Nyasi zile fupi kuzunguka shimo hazisimami wima. Hulala upande mmoja, kama mistari ya ufagio. Ukizitazama ukaona zinang'aa, zimelala kukupa kisogo, mpira utakimbia, basi usukume kidogo tu. Ukiona ni nyeusinyeusi, zimekutazama, ongeza nguvu. Na zikilala ubavu, zitaubeba mpira kwenda ubavuni. Na ukitaka kujua, zunguka, usione haya watu wakinong'ona. Kisha Achieng' akasema, "Pale shimo la mwisho nyasi zinalala kulia, mama. Nyumbani ilikuwa kushoto. Pale ni kinyume cha uani kwetu."

Nikasimama katikati ya njia, mtu wa mkokoteni akanipigia mluzi nitoke.

Otieno, mkono wako haukutetemeka. Mimi nilikuwa kando ya kamba, niliuona, ulikuwa umetulia kama wa mtu anayemimina mafuta kwenye chupa. Ulilenga kulia kidogo. Kama uani. Nazo nyasi zikauchukua zikaupeleka kulia zaidi. Ulikuwa umetembea kwenye uwanja ule miaka, umewaambia wengine wapi pa kulenga, ulijua kila kitu. Lakini watu walikuwa wengi, na kombe lilikuwa karibu, na mkono wa mtu ukiogopa hukimbilia kwao. Wako ulikimbilia kwa mama yako, kwenye udongo wangu niliofagia. Nitaona aibu gani kwa hilo? Mimi najivunia! Nimemwambia kila mtu pale Toi. Muuza beli akaniambia, "Mama Glavu, sasa hata kukosa kwa mtoto wako unajisifia." Nikamwambia ndiyo, wewe wa kwako amekosa nini kinachofaa kusimuliwa?

Yule aliyekutajia bano alikuja kumpa Achieng' mkono. Akaniuliza, "Mama, Otis wako yuko wapi siku hizi?" Nikasema yuko Mombasa, kazi nzuri, amenenepa. Sijui kama umenenepa. Sijui kama una kazi. Nilitamka tu kwa sauti kubwa, halafu nikageuka nikajifanya natafuta kitambaa kwenye mkoba.

Sikuandikii uje ucheze. Hata fimbo usishike kama moyo hautaki. Wewe mwenyewe uliwaambia watu mpira ukiingia miti watoe pembeni kwanza, wasione haya kurudi nyuma hatua kidogo. Nami nimekaa ghorofani nikijiuliza mbona mtu mwenye shauri zuri hivyo anawapa wengine na hajichukulii hata kipande. Toka pembeni, baba. Kama huna kazi, njoo huna kazi. Kama umekonda, nitajua la kufanya.

Tutamfanyia dada yako sherehe, na si hapa 46. Nimekwenda kwa Mama Zuhura kumwomba uani pake. Nilidhani atakuwa amepamwagia kokoto za ujenzi. Akanishika mkono akanipeleka nyuma, na udongo ule upo, na mkebe wako upo, mdomo wake umejaa majani. Akasema, "Mafundi walitaka kuung'oa. Nikawaambia, huo ni wa Otieno, uacheni." Yeye atapika gurusa zake, zile chapati laini za Kinubi ulizokuwa ukimaliza peke yako. Mimi nitaleta samaki. Daktari wa meno na wenzake watakuja, watu wa Toi watakuja, makedi wote watakuja maana tumechagua siku yao.

Nitabeba ufagio wangu kutoka Kawangware mapema, kabla ya mtu mwingine kukanyaga pale. Nitautoa mkebe majani. Nitafagia kutoka ukutani kwenda kwenye mtaro, upande uleule, usije ukapotea.

Huhitaji kuuliza njia. Mkono wako unapajua pale. Ufuate.

Kwaheri ya kuonana, mwanangu. Ugali wa tatu nitaupika makusudi.

Ni mimi mama yako, wa ufagio na wa glavu moja,
ninayekungoja pamoja na wote Jumatatu, ile ya mwisho ya mwezi wa nane.