Tuhamie Wapi, Mwenzangu?

Changamwe, 27 Machi 1961

Mwenzangu Kadzo,

Salamu zikufikie huko Voi, wewe na mtoto. Huku sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila mama mkwe wetu, Bi Mwanarehema, miguu imemvimba tena na hatoki uani. Idi tuliila kwa mahamri na chai, tukashukuru.

Najua utaishangaa barua hii. Miaka minne sasa tuna mume mmoja na hatujapata kuonana wala kutumiana salamu. Mwandiko usiucheke, herufi za kizungu nimejifunza ukubwani.

Ni hivi. Tumepewa notisi. Mwenye ardhi amewauzia watu wa mafuta, wanataka kujenga matangi, na nyumba zote za upande wetu ziwe zimeondoka kabla ya mwisho wa Septemba. Nyumba ni zetu, lakini ardhi si yetu, kwa hivyo hakuna wa kumlalamikia. Mume wetu Mwinyihaji alipoingia na gari-moshi lake la mizigo nilimwonyesha karatasi. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Msijali. Mtahamia Voi. Kadzo amekubali, atawapa vyumba viwili."

Nikamuuliza, "Na mama je?"

"Na mama pia."

Mimi nina watoto watatu na mgonjwa wa kubebwa. Kabla sijafunga hata sufuria moja nataka kusikia kwako mwenyewe. Umekubali? Usiniogope, niambie kweli tu. Barua hii nampa Chengo wa stesheni, yule ashukaye Voi na gari, atakufikishia mkononi.

Mke mwenzio,
Mwanatabu


Voi, 16 Aprili 1961

Dada Mwanatabu,

Nakushika miguu. Mimi sijambo, mtoto alishikwa na homa lakini imemwacha. Nami nina mzigo mwingine tumboni, mwezi wa nne huu. Natumai mama miguu imempungua.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Dada, vyumba viwili sina. Nina chumba kimoja katika nyumba za reli, na jiko nashirikiana na jirani. Wala sikuulizwa. Mimi niliambiwa mengine kabisa: kwamba yeye atahamishwa Tororo, kule Uganda, na kwamba wewe umekataa kutoka pwani, umeshapata nyumba Likoni kwa kaka yako.

Lakini hilo la mama ndilo lililoniuma. Tangu anioe ananiambia mama hataki kuniona kwa sababu mimi ni Mgiriama na nimesilimu juzi. Ndiyo maana sikuja hata mara moja kumpa pole. Sasa wewe waniambia alikuwa aje kukaa kwangu. Mtu asiyetaka kuniona angekubalije kulala chumbani mwangu? Muulize, tafadhali. Kama ni kweli nitanyamaza.

Mdogo wako,
Kadzo


Changamwe, 2 Juni 1961

Mdogo wangu Kadzo,

Salamu, na pole kwa mzigo. Usinyanyue ndoo za maji, sasa ndipo pa kujichunga. Nimechelewa kujibu kwa kuwa miguu yangu imekuwa ya njiani tu.

Mama nilimuuliza. Akaniangalia kama niliyemtukana. "Mimi? Nilisema lini hayo? Mwanangu aniambia huyo binti ni mwenye haya, hapendi kuja kwa watu." Kisha akasema, "Basi yule kijana ametupanga kila mtu kwenye rafu yake."

Alipokuja Mwinyihaji, mama hakungoja hata avue koti lake la ugadi wa reli. Akamwambia, "Niletee mkeo wa Voi nimwone." Mwinyihaji akanigeukia mimi. "Nyinyi wanawake mmeanza kuandikiana?" Nikamwambia ndiyo. Akasema ana mambo mengi kichwani, kwamba kila mtu anavutia upande wake na yeye ni mmoja. Chai aliiacha nusu akaondoka. Sikumfuata. Wallahi, Kadzo, hata hasira sikuwa nayo. Nilichoka tu.

Kwa hiyo natafuta mwenyewe. Nimekwenda Likoni kwa kaka yangu Faki. Ana chumba kimoja kando ya banda la mbuzi, na mkewe alinikaribisha kwa mdomo huku macho yakihesabu wanangu. Nimekwenda Jomvu Kuu kwa shangazi. Pazuri, watu wanajuana, lakini kabla sijaketi nilishaulizwa na watatu mume wangu yuko wapi. Watu wengine wa hapa wanakwenda Tanga, wengine Malindi. Mimi na mama huyu sifiki mbali hivyo.

Mwisho nilivuka daraja la Nyali hadi Kisauni, nikatembea mpaka Mjambere. Kuna mzee anakodisha viwanja katika shamba la minazi. Pana nyumba ya udongo ya vyumba vinne, mwenyewe alirudi kwao, makuti nusu yameanguka. Maji ya kisima yana chumvi kidogo. Nilikaa kizingitini nikapumzika, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza kitu. Nilipomweleza mama akasema, "Watu wabishana kama pwani itabaki kwa Sultani au itakwenda Kenya. Itakapokwenda na iende, bora sisi tuwe na pa kuinjika chungu."

Vyumba ni vinne. Nakwambia tu ujue.

Mwanatabu


Voi, 30 Julai 1961

Dada Mwanatabu,

Nakushika miguu wewe na mama. Mimi si mgonjwa, ila usingizi sina.

Karatasi ya uhamisho imetoka. Tororo, kuanzia katikati ya Agosti. Chengo alinisomea ile pasi ya gari-moshi, ya Kiingereza, pale stesheni: Mwinyihaji, mke mmoja, mtoto mmoja. Jina la mke ni langu.

Nilimuuliza, "Na dada je? Na mama?" Akasema atawaletea matumizi kila mwezi, na kwamba reli haimpi mtu nyumba ya wake wawili. Akaniambia nisikuandikie mpaka tufike.

Dada, sitakudanganya, maana wewe hukunidanganya. Kule kuna nyumba ya matofali yenye bomba ndani. Aliponieleza nilifurahi. Nilifurahi kabla sijakukumbuka, na baada ya kukukumbuka furaha haikuondoka yote. Siku kumi na mbili sasa nakaa na jambo hili. Mimi kwetu Rabai siwezi kurudi, baba yangu hajanisamehe kusilimu. Mjambere naiwaza, lakini nyumba isiyo na paa, na tumbo hili, na mwanamume hayupo, naogopa.

Nifanye nini?

Kadzo


Changamwe, 8 Agosti 1961

Kadzo,

Salamu. Nenda.

Usiniulize mimi la kufanya. Nimebeba ya kutosha. Jana wamebomoa nyumba mbili jirani na yangu, na vumbi limeingia hadi kwenye maji ya kunywa. Mjambere nimeshaichukua. Vitanda vimetangulia kwa mkokoteni, mama atafuata Alhamisi kwa teksi, na mimi na watoto kwa miguu.

Mama asema gari lenu la kwenda bara haliondoki kila siku, uje walau umpe mkono kabla hujaenda. Mimi nimekufikishia maneno yake, yangu sina.

Usinijibu.

Mwanatabu


Tororo, 21 Januari 1962

Dada Mwanatabu,

Nakushika miguu. Uliniambia nisikujibu, na nimekaa miezi mitano. Barua mbili nilizianza nikazichana. Halafu mvua ile kubwa ikaja ikakata reli, hata za wengine hazikupita. Hii namtumia kaka Faki Likoni, naomba Mungu ikufikie.

Sikuja kumwona mama. Tulikuwa na siku tatu, naye Mwinyihaji alisema hakuna nafasi, nami sikusukuma. Hilo ni langu, simtupii yeye.

Nimejifungua mtoto wa kike mwezi wa tisa. Nimemwita Mwanarehema. Baba yake alikuwa safarini, akamkuta ana siku kumi na moja. Nyumba ni kama alivyosema, bomba liko ndani, nalifungua na kulifunga nisikie sauti. Jirani wa kulia ni Mteso, mwenyeji wa huku, wa kushoto ni Mhindi wa reli. Tunasalimiana kwa kuinamishiana vichwa. Mwinyihaji huja siku mbili, hulala, huondoka. Si mkorofi. Ni yule yule tu. Nilidhani kule Voi alikuwa hayupo kwa sababu yuko kwako, kumbe hata akiwa na mke mmoja hayupo.

Matumizi mnayapata? Mama hajambo? Mwambie jina lake liko huku, lina meno mawili.

Mdogo wako, ukikubali,
Kadzo


Mjambere, 19 Machi 1962

Kadzo,

Salamu, na hongera kwa mtoto. Mungu amkuze. Watoto wangu wazima. Matumizi yalikuja mara mbili, kisha yakakoma. Nauza mahamri na mbaazi asubuhi hapa barabarani, tunakula.

Mama ametutoka, Kadzo. Ilikuwa siku tano kabla ya Ramadhani. Simu ya upepo, ile ya maandishi, nilimpelekea Mwinyihaji kupitia ofisi ya reli, akaja siku ya nne, kaburi limeshakauka. Alisimama pale kofia mkononi akiuliza, "Aliniulizia?" Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa kweli, lakini si yeye peke yake aliyeuliziwa.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Wiki ile ya mwisho mama macho hayakuona tena. Kila akisikia hatua mlangoni huuliza, "Ni yule wa Voi?" Barua yako ya Tororo ilikuwa bado imelala kwa Faki, sikujua kama watukumbuka. Siku ya tatu nilishindwa. Nilimwita jirani yangu Selpher, mwanamke wa kutoka Rabai kama wewe, nikamkalisha kitandani, nikaushika mkono wake nikautia katika mkono wa mama. Nikasema, "Kadzo amekuja, mama."

Mama akaupapasa mkono ule, kidole kwa kidole. Akasema, "Una mikono ya kazi. Basi mbona waliniambia ni mwenye haya?" Selpher alikuwa akilia. Mama akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Hukukosea njia, ni mbali tu." Hakuulizia tena mpaka mwisho.

Sijui kama nilifanya dhambi. Nimemlaumu Mwinyihaji miaka kwa kutupanga kwa uongo, na uongo mkubwa kuliko wake nimeusema mimi. Lakini maneno yale aliyoyasema ni yako, si ya Selpher. Nimekuwekea.

Chumba cha mama ni kitupu. Paa lake halivuji. Sikuiti, wala sikukatazi.

Mwanatabu


Tororo, 9 Juni 1963

Dada Mwanatabu,

Nakushika miguu. Barua yako nimekaa nayo mwaka na zaidi. Nilikuwa nikiisoma nikifika kwa mkono wa mama naiweka. Utaniwia radhi. Nilimlilia mtu ambaye sikupata kumwona, na watoto wakanishangaa.

Huku Uganda walikwishapata uhuru wao, na huko nasikia mmepata madaraka. Reli nayo inapangapanga watu upya. Mwinyihaji amehamishwa tena, sasa Kasese, mbali kabisa, mwisho wa njia. Alikuja na karatasi akasema, "Funga mizigo."

Nikamwambia, "Nimeshafunga. Lakini siendi Kasese."

"Utakwenda wapi? Kwenu hawakutaki."

"Kwa mwenzangu, Mjambere."

Akakaa juu ya sanduku. Nilidhani atagomba. Akauliza kama kweli tumekuwa tukiandikiana muda wote huo, nami nikamwambia si muda wote. Amezeeka, dada, moshi na safari zimemla. Akasema, "Mwambie Mwanatabu..." halafu hakumaliza. Asubuhi yake alikwenda ofisini akaniandikishia pasi ya mke na watoto wawili mpaka Mombasa. Akiipata likizo atakuja. Sijui. Simngojei, wala sijamfungia mlango.

Sijui kupika mbaazi kama za pwani lakini nitajifunza. Kushona najua, na cherehani ni yangu. Kama neno lako la kutonikataza limepita muda wake, nijulishe, nitashuka Voi nitafute chumba.

Mdogo wako,
Kadzo


Mjambere, 24 Juni 1963

Mdogo wangu Kadzo,

Salamu kwako na kwa watoto. Sisi wazima, ila mgongo wanisumbua kwa kuinamia karai.

Voi usishuke. Siku ile nilipokwambia nenda nilisema kwa uchovu, na uchovu bado ninao, kwa hivyo usije ukaanza kuniomba radhi mlangoni. Njoo tu ukae. Usingojee nyumba ya matofali, ni udongo na makuti. Maji yana chumvi, chai yake utaizoea. Watoto watano watakuwa na kelele, na mimi ni mkali asubuhi kabla sijauza.

Stesheni sitaweza kuja, gari lenu huingia saa za biashara. Toka nje, mizigo mpe mchukuzi mmoja tu na uende naye sambamba. Panda basi la Kisauni. Litavuka daraja la Nyali, usiogope likitikisika, daraja hilo linaelea juu ya maji lakini halizami. Mwambie utingo akushushe Mjambere. Ingia njia ya mchanga kushoto mpaka uone minazi imesimama mistari mistari.

Hapo uliza. Usiulize kwa Mwinyihaji, huku hawamjui. Uliza kwa wake wenza wawili. Nimeshawaambia watu wote.

Dadako,
Mwanatabu