Neno soon na jicho la Mama

Jumatatu, 3 Machi
Madaftari arobaini, yote mekundu kwa kalamu yangu. Mgongo unauma. Mtoto, miezi mitano sasa, amelala. Dada yangu Koku kapiga simu kutoka nyumbani Maruku: presha ya macho imelimaliza jicho la kulia la Mama. La kushoto daktari hakuahidi kitu. Mama anataka kumwona mjukuu kabla halijazimika. Nimesema tutakuja karibuni. Nina mitihani ya kusahihisha. Tena mtoto ana mafua.

Jumatano, 5 Machi
Kesho Kiingereza Kidato cha Tatu, vielezi vya wakati. Nimefungua kamusi kubwa ya shule, ile isiyo na jalada. Soon. Kumbe Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa "sasa hivi". Papo hapo! Watu wakalisema huku wamekaa, miaka na miaka, likalegea mpaka likawa "baadaye kidogo". Presently nayo iliugua ugonjwa huohuo. Nimecheka peke yangu. Wazungu nao!

Koku tena. Mama anauliza ni Jumamosi au lini. Nikasema karibuni. Akakata simu. Ana kiburi huyu.

Alhamisi, 6 Machi
Niliwauliza darasani kwa nini maana ilisogea. Msichana wa dawati la mbele akajibu, "Madamu, kwa sababu watu ni waongo." Darasa zima kicheko. Mimi sikucheka.

Nimerudi nyumbani nikasoma ujumbe wangu wote kwa Koku tangu nijifungue. Karibuni, karibuni, karibuni. Kutoka hapa Kamachumu hadi Maruku si Ulaya. Ukitoka asubuhi, mchana unakula ndizi kwa Mama. Mafua yalishaisha. Ninaogopa kuliona jicho lile, basi. Aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeaga shuleni. Mitihani nimeiacha mezani. Koku nimemwambia kesho.

Jumamosi, 8 Machi
Maruku. Mama alikuwa kibarazani tangu alfajiri, uji umepoa pembeni. Akampokea mtoto, akamgeuzia kwenye mwanga, akamtazama kwa pembe ya jicho la kushoto. Muda mrefu.

"Sweta nyeusi inampendeza."

Ni nyekundu. Nikasema ndiyo, Mama.

Akasema masikio ni ya marehemu Tata, baba yetu, kabisa. Hayo alikuwa ameyashika kwa vidole.