Baba, Siku Uliyokubali Kuwa Mfalme wa Mkonge

Baba yangu,

Shikamoo. Jumamosi iliyopita walionyesha tena filamu yetu kule Ulaya, kijiji cha hapahapa Kilosa, kwenye ukumbi wa video karibu na soko, nami nikaalikwa. Nimerudi na jambo ambalo sitaki kumsimulia mtu wa nje kabla yako. Ndiyo maana nimekaa hapa Mabwerebwere, kwenye kibaraza chako, nakuandikia.

Nianzie nyuma kidogo, maana wapo watakaoisoma barua hii bila kukujua. Ulifanya kazi reli karibu maisha yako yote, miaka mingi ukiwa stesheni ya Munisagara, ukipokea treni kwa bendera. Watu walikujua kwa sauti yako nzito, na kwa jinsi ulivyoitumia mara chache. Siku niliporudi kutoka Morogoro nikakuambia nimeacha chuo cha ualimu, nataka kutengeneza filamu, uliuliza swali moja tu.

"Filamu ya nini?"

"Ya majambazi, Baba."

Ukanyanyuka ukaenda kutawadha. Toka siku hiyo hukunisemesha mpaka mahindi yalipovunwa. Salamu yangu uliipokea, "Marahaba," halafu kimya. Wakati wa chakula Mama alikaa katikati yetu kama mkalimani. "Baba yako anasema chumvi imezidi." Hata hilo hukuniambia mwenyewe.

Filamu uliijua kwa kusikia. Iliitwa *Mfalme wa Mkonge*, habari za mtu aliyeanza kama mkata mkonge shambani, akaja kuwa mkuu wa genge la kuteka malori, mpaka Kilosa nzima ikamwogopa. Nilikuwa na Deo, rafiki yangu wa chuoni mwenye kamera, na vijana wachache wa mtaani. Bunduki zetu alizichonga seremala, tukazipaka rangi nyeusi. Suti ya bosi aliishona Mama, kwa siri, kwa kitambaa cha pazia. Nadhani ulijua. Pazia la chumbani halipotei hivihivi mwenye chumba asijue.

Mambo yaliharibika mapema. Bosi wetu alikuwa kijana wa Mikumi aitwaye Kobelo, mrefu, mwenye sura ya staringi hasa. Tulipofika nusu ya filamu alipata kazi Dar es Salaam, akanitumia ujumbe wa simu akiwa tayari yuko kwenye basi: "Samahani dada, maisha." Wiki ileile mto ukafurika, maji yakaingia chumbani kwa Deo, na kompyuta iliyokuwa na kazi yetu yote ikafa. Vijana wakaanza kupungua. Mmoja alisema ana malaria, nikamwona jioni yake anacheza mpira.

Nikawaomba waliobaki tujaribu mara moja ya mwisho. Siku ya gulio tukaenda Ulaya kurekodi genge likivamia duka. Mwenye duka tulimwambia, ofisi ya kijiji tuliiambia. Watu wa gulioni hatukuwaambia, na hilo lilikuwa kosa langu mimi. Walipotokea wanaume watatu wenye vitambaa usoni na bunduki mkononi, mama mmoja akapiga yowe, na kufumba na kufumbua tukawa tumezungukwa na watu wenye marungu na mipini ya majembe. Nilipiga kelele, "Ni filamu! Ni filamu jamani!" Hakuna aliyenisikia. Kijana wetu mmoja alikuwa tayari chini, damu inamtoka mdomoni.

Ndipo nikaisikia sauti yako.

Sikujua kwamba na wewe uko gulioni. Ulikuja na mfuko wa mbegu begani, ukapita katikati ya watu bila kumsukuma mtu, ukasimama mbele yangu.

"Tulieni," ulisema. "Huyu ni binti yangu wa kumzaa. Anayetaka kumpiga aanze na mimi."

Kisha ukamnyang'anya mmoja wa vijana wetu bunduki yake, ukaigonga ukutani, ko, ko, ko, mpaka kila mtu akasikia kwamba ni mti. Mtu akaanza kucheka, na wengine wakafuata. Marungu yakashuka. Mimi nikakimbilia kumwinua kijana wetu aliyeanguka, hata asante sikukuambia.

Tulipokuwa tunangoja gari la kurudi, Deo, ambaye haya hanayo hata chembe, akakuendea. "Shikamoo mzee. Bosi wetu ametukimbia. Na hiyo sauti yako, mzee..." Nilitamani ardhi ipasuke.

Ulimuuliza, "Huyo bosi wenu ana watoto?"

"Hana, mzee."

"Basi ataogopa nini? Mpeni mtoto."

Ndivyo ulivyokubali kuwa bosi, nami nikaandika upya nusu ya filamu. Na kwa kuwa hakuna mzazi Kilosa aliyekubali binti yake acheze na majambazi, mtoto wa bosi nikawa mimi.

Ulitusumbua, Baba, acha niseme ukweli. Ulikataa kutukana. Ulikataa kushika sigara, hata isiyowashwa. Adhana ikilia, genge zima lilisimama kukungoja. Na Mikumi, nyani akashuka mtini akaondoka na kofia yako ya pama, ikabidi umalize filamu kichwa wazi. Leo vijana wanabishana vijiweni kwamba bosi alivua kofia kuonyesha ametubu. Huwa nawaacha wabishane. Wanasema pia kwamba hakuna jambazi aliyewahi kuwatisha kama wewe, kwa sababu hupandishi sauti na huna neno chafu.

Tukio la mwisho tulilirekodi pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Bosi anampandisha binti yake basi, kisha anakwenda kujisalimisha. Betri ilikuwa inakwisha, tulikuwa na nafasi moja tu. Maneno niliyokuandikia yalikuwa haya: "Nenda. Usigeuke nyuma." Hukuyasema. Ulinitazama mpaka nikadhani umesahau, lori likapita, vumbi likatufunika, halafu ukasema:

"Nilikukasirikia kwa sababu niliogopa. Sikujua namna nyingine ya kuogopa. Nenda, mwanangu. Kafanye kazi yako."

Na mimi maneno yangu yote yakanitoka kichwani. Nilijibu tu, "Ndiyo, Baba," nikapanda basi nikilia, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza.

Toka siku hiyo tulizungumza kama zamani, kuhusu mvua, kuhusu mgongo wako, kuhusu chumvi. Lakini sikuwahi kukuuliza ni nani aliyesema maneno yale, bosi au wewe. Niliogopa utajibu kwamba ni bosi. Masika ya mwaka juzi ukaondoka, na swali likabaki kwangu.

Sasa nikwambie ya Jumamosi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Picha inatikisika kama siku zote, lori bado linameza maneno mengine, na bado watu wanayajua yote kwa moyo. Ulipofika kwenye basi, mzee mmoja mbele yangu alimshika mwanawe mkono.

Baadaye Deo akaniita pembeni akanipa simu yake. "Siku ile sikuzima kamera," alisema. "Mzee aliniapisha nisikuonyeshe akiwa hai. Na alipofariki nikakosa ujasiri."

Ni kipande kifupi. Basi limeshaondoka nami ndani. Umesimama barabarani na suti yako ya pazia, unajifuta macho kwa mkono wa koti. Deo anasikika akisema, "Mzee, umebadilisha maneno." Nawe unajibu, "Ya kwake ni mazuri. Lakini haya yalikuwa yangu mimi." Kisha, ukiwa umeshampa mgongo, "Usimwambie. Ataniuliza, na mimi sitajua kumjibu."

Leo asubuhi nimemwonyesha Mama. Amecheka, amelia, amesema, "Mzee huyu jamani!" akaomba arudishiwe mwanzo. Deo anataka tukiunganishe mwishoni mwa filamu, anasema watu watazimia. Nimekataa. Filamu nimewaachia watu wote, Baba, waitazame watakavyo. Hicho kipande ni changu.

Pumzika sasa. Sina tena swali.

Binti yako.