Waya Nilioukata Mimi

Mwanangu Selemani,

Usishituke kwa mwandiko huu usioujua, ulioegemea upande kama ukuta wa udongo baada ya masika. Ni mkono wangu. Nimeingia kisomo cha watu wazima, mwaka wa pili sasa, na herufi zimenikubali ingawa pole pole. Zamani barua zangu zote kwako aliziandika Hamisi, uso kaukunja, mimi nikimtajia maneno. Ndiyo maana hukupata kwangu ila salamu na habari za mvua. Hili la leo nisingeweza kumtajia Hamisi.

Nasikia huko Tanga unabeba magunia. Wewe, uliyekuwa ukiifungua redio ya watu kwa ncha ya kisu ikaanza kusema. Kila nikilifikiria hilo, chakula nakiacha.

Unajua mama yako mzazi alivyofariki, wewe una siku kumi na mbili. Tulikuwa majirani, ukuta kwa ukuta. Hamisi alikuwa wa miezi miwili, maziwa yalikuwepo, nikakuchukua. Mkanyonya wote wawili, mkawa ndugu, na kugombana mkagombana kama ndugu. Nani asiyejua hapa Mikindani?

Sasa nikukumbushe ile pikapu kuukuu aliyotuachia baba yake Hamisi. Redio yake ilikuwa na spika moja tu, imefungwa chini ya usukani, inakoroma kama mzee mwenye pumu. Ukasema itoke, iingie mpya, na spika mbili kubwa. Ulizichomoa kwenye redio ya mbao iliyokufa, ukaitoboa milango, na nyuma ya kiti ukatengeneza kisanduku cha mninga ili sauti, ulisema, ipate kifua. Wiki nzima miguu yenu ndiyo niliyoiona, mengine yote yako ndani ya gari. Siku mlipowasha, kila Hamisi alipokanyaga mafuta redio nayo ililia wiii, wiii.

"Fundi, umenifungia redio au mbu?" Hamisi akakuuliza.

"Mbu ni wa injini yako, bwana. Redio inasema inachokisikia."

Ukafunga kikopo kidogo cha bati pale kwenye injini, mbu akanyamaza. Mlicheka mpaka mkakaa chini. Niliwaletea uji, mkanywa bakuli moja, mikono imejaa grisi.

Abiria wa Kitaya wakaanza kuyaacha magari mengine, wanalingoja la Hamisi lenye muziki. Watu walifurahi. Mimi moyo haukukaa. Unaikumbuka hali ya njia ile ya Kitaya, kando ya mto, wakati wa vita vya ng'ambo, ndege zikivuka kupiga mabomu. Ukisikika mlio wa ndege, gari linasimama, kila mtu anakimbilia mikoroshoni. Nikawauliza, na hiyo kelele yenu ndege mtaisikiaje? Hamisi akanijibu, "Mama, abiria wa nyuma watagonga bodi." Watagongaje na wenyewe wanaimba? Mkanicheka. Wewe ukasema, "Mama, nitaweka swichi ya kupunguza." Ulisema kwa upole, lakini nilikwisha jaa hofu. Usingizi uliota mbawa.

Basi asubuhi moja Hamisi yuko msikitini, mimi nilikuwa natia miyaa ya mkeka rangi ya zambarau, kisu cha kuipasulia mkononi. Gari liko uani. Nikafungua mlango, nikapeleka mkono chini ya redio, nikaukata waya mmoja mweupe. Nilidhani itanyamaza tu. Nilitaka kimya, mwanangu, sikutaka hasara. Sikujua kwamba waya uliokatwa ukigusa chuma unafanya vile. Hamisi alipokuja kuwasha, moshi ukatoka redioni, na haikusema tena.

Akakuita. Ukaja, ukalala chali ndani ya gari, mimi nimesimama mlangoni na beseni langu. Ukautoa ule waya, ukautazama. Ncha yake imekatwa safi, na vidole vyangu vya zambarau vimejichora pale juu ya weupe. Ukanitazama mikono. Halafu usoni. Kisha ukaukunja ule waya, ukautia mfukoni, ukamwambia Hamisi, "Kosa langu. Sikuufunga vizuri."

Pale ndipo palipokuwa pangu pa kusema. Nilikwenda jikoni.

Hamisi alikutukana barazani kwa muuza kahawa, mbele za watu. "Fundi gani wewe? Ungeniunguza mimi na abiria." Na muuza kahawa, unavyoujua mdomo wake, kila aliyepita na redio kwapani akamwambia, "Mpelekee Selemani ukitaka moshi." Watu wakacheka, wakapeleka redio zao kwingine. Mwezi haukuisha, ukaja kuniaga. Nilikufungia visheti. Mtu amenisitiri, amepoteza kazi na ndugu, mimi namfungia visheti.

Nilijiambia nimefanya kwa mapenzi ya mama. Yalikuwepo mapenzi, lakini siku ile ya moshi yalikuwa yamemaliza kazi yake. Kunyamaza miaka mitatu kulikuwa woga mtupu. Niliogopa mwanangu mmoja asinichukie, nikamtoa mwingine.

Ijumaa iliyopita nilijitanda khanga nikaenda pale barazani, wanaume wametoka kuswali. Mwanamke hasimami pale. Nilisimama. Mzee mmoja akaniuliza, "Shemeji, una shida?"

"Ninayo. Waya wa gari la Hamisi niliukata mimi kwa kisu changu. Selemani hakukosea kitu. Alijua, akanisitiri."

Muuza kahawa alimimina hadi kikombe kikafurika. Hamisi aliinuka akaondoka. Nyumbani akaniambia: "Mama, ungeniambia siku ile ningekununia mpaka jioni, basi. Umeniacha nimemnunia ndugu yangu miaka mitatu." Kila siku akirudi anachukua karatasi, anaandika jina lako, anaishia hapo. Ana haya. Usimhukumu kwa ukimya wake. Ukimya huo nimeupanda mimi.

Sikuandikii ili urudi. Kurudi ni shauri lako. Nakuomba radhi, nami najua kwamba mtoto ndiye huomba kwa mama, lakini safari hii njia imegeuka. Jana mtu aliulizia kama fundi Selemani bado yupo.

Nijibu ulilo nalo moyoni, hata likiwa kali, hata likiwa la kunikana. Ila usinisitiri tena.

Nakuombea afya na riziki njema huko uliko.

Ni mimi,
Mama yako wa kunyonya